Michezo ya mkakati kwenye telefone na kompyuta: sababu gani mingine inabaki na watu na mingine inaachwa?

Kule Bel-Air, kama katika kartye zingine za komini ya Kampemba, kijana akitaka kuweka mchezo mpya kwenye telefone anahesabu kwanza: megabaiti ngapi, nafasi ngapi, na falanga ngapi zitafuata. Basi swali la kujua mchezo utadumu ao utaachwa baada ya miezi miwili si swali la makampuni ya Ulaya peke yao. Ni swali la mfuko.

Hapa tunazungumzia michezo ya mkakati, ile yenye unajenga mji, unapanga jeshi, unahesabu chakula na zahabu mbele ya kushambulia. Si kitu kigeni kwetu: mwenye kucheza kisolo ao bao anajua kwamba kete unazopanda sasa zinakulipa ao zinakuumiza mizunguko mitatu mbele.

Wanapima namna gani?

Kwa michezo ya telefone, watengenezaji wanaangalia siku tatu: siku ya 1, ya 7 na ya 30. Tuchukue mfano: watu 100 wanaingiza mchezo leo. Kama kesho 40 wanarudi, kisha 15 siku ya 7, na 5 siku ya 30, basi mchezo umebakisha watu 5 kwa 100. Inaonekana kidogo, lakini kwa mchezo wa bure kampuni inaweza kuishi na wale wachache wenye wanabaki na kulipa.

Kwa kompyuta, kipimo cha wazi ni duka la intaneti linaloitwa Steam, lenye linaonyesha watu wangapi wanacheza kwa wakati mmoja. Unalinganisha kilele cha siku za kwanza na hesabu ya miezi ya nyuma. Lakini tuwe makini: Steam haihesabu mtu anayecheza kwenye konsole, wala mwenye nakala ya zamani bila intaneti. Vijana watano wakigawana kompyuta moja wanahesabiwa kama mtu mmoja, ao hawahesabiwe hata kidogo. Kwa hiyo wachezaji wengi wa kwetu hawaonekane katika hesabu hizo.

Walioanza na kishindo wakaishiwa pumzi

Total War: Three Kingdoms ulitoka mwezi wa 5 mwaka 2019. Juma la kwanza nakala milioni moja ziliuzwa, na kwenye Steam zaidi ya watu 190,000 walicheza kwa wakati mmoja. Lakini nyongeza kubwa ya kwanza ilipeleka wachezaji katika kipindi cha historia chenye wengi hawakukiomba. Walitaka mashujaa wenye walinunulia mchezo. Mwezi wa 5 mwaka 2021, miaka miwili tu, kampuni ilitangaza kwamba haitaongeza kitu tena.

Artifact, mchezo wa karata wa kampuni Valve, ulianguka haraka zaidi. Ulitoka mwezi wa 11 mwaka 2018, na siku ya kwanza watu karibu 60,000 walikuwa ndani. Miezi michache kisha, hawakufika hata 1,000. Sababu moja yenye wachezaji walisema wazi: unalipa kwa kuingia, halafu unalipa tena kwa kupata karata nzuri. Mwaka 2021 kazi juu yake ilisimamishwa.

Civilization VII, wa mwezi wa 2 mwaka 2025, unafundisha jambo lingine. Kilele chake kwenye Steam kilikuwa kama watu 84,000, wakati Civilization VI ya mwaka 2016 iliwahi kupita 160,000. Kwa miezi mingi, mchezo wa zamani uliendelea kuwa na watu wengi kuliko mpya. Katika mpya, wakati ulipotoka, ulilazimishwa kubadilisha taifa lako kila kipindi kilipoisha, na wengi hawakupenda kuacha kile walichojenga. Tena Civilization VI una kitu chenye kinatugusa: ufalme wa Kongo umo ndani tangu mwanzo, na kiongozi wake Mvemba a Nzinga. Mwishoni mwa mwaka 2022 wakaongeza malkia Nzinga Mbande.

Walioendelea kupanda

Age of Empires II ulitoka mwaka 1999. Wakautengeneza upya mwaka 2013, kisha tena mwezi wa 11 mwaka 2019. Nyongeza ya mwaka 2015 ilileta falme za Afrika, kama Mali na Ethiopia. Leo ni zaidi ya miaka 25, na bado kwenye Steam kila siku zaidi ya watu 10,000 wanakutana ndani kwa wakati mmoja. Hearts of Iron IV, wa mwaka 2016, njo mfano mkubwa zaidi: miaka ya nyuma ulipata watu wengi kuliko siku ulipotoka. Wachezaji wenyewe wanatengeneza historia mpya na kuzigawa bure, basi mchezo hauishi.

Kwenye telefone, Clash of Clans wa kampuni Supercell ya Finland uko tangu mwaka 2012, na kwenye Android tangu 2013. Nguvu yake ni kundi: ukoo mmoja unaingia watu mpaka 50, na tangu 2014 koo zinapigana vita. Ukikosa kurudi, si wewe peke yako unapoteza. Wenzako wanakuuliza uko wapi. Mwaka 2025 waliondoa muda wa kungojea askari watengenezwe, kitu chenye kilichosha watu miaka mingi.

Hali ya kwetu

Katika sale za jeux za Lubumbashi, mpira njo unatawala. Hiyo haina maana kwamba vijana hawapendi kufikiri. Mechi moja inaisha ndani ya dakika chache, na mwenye sale anahesabu pesa kwa mechi ao kwa dakika. Mchezo wa mkakati unaomba saa tatu, nne, na courant ya SNEL haikungoje umalize vita. Ndiyo maana kwetu mchezo wenye unaweza kuhifadhi na kuendelea kesho bila intaneti una nafasi kubwa kuliko ule wenye unadai mutandao kila dakika.

Tena kuko hatari ya kufungwa. Age of Empires Online, uliofunguliwa mwaka 2011, ulizimwa tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2014. Miji yote yenye watu walijenga ilizimika nayo. Tuko watu wa Katanga. Kobalti ya betri za telefone nyingi za dunia inatoka katika udongo wetu. Itakuwa huzuni telefone iturudie, halafu itule falanga kwa kitu chenye kesho hakiko.

Maswali manne mbele ya kulipa

- Mchezo unafanya kazi bila intaneti, ao ukikosa mega unafungwa?
- Miezi 12 baada ya kutoka, watengenezaji wangali wanaongeza na kutengeneza?
- Kuko kundi la watu wenye unajua, hapa mjini, wenye wanaucheza?
- Unalipa mara moja, ao unalipa kila mara usishindwe?

Majibu matatu yakiwa mabaya, weka falanga yako mfukoni. Na kama mchezo ni mpya kabisa, ngojea miezi mitatu. Wenye haraka watakuwa wamekwisha kutoka, na wenye watabaki ndani watakuambia kama kuna kitu cha kweli.