Bei ya Kuyatazama Maji: Niagara na Safari za Familia za Kipato cha Chini

Mto Niagara, unaotoa maji ya Ziwa Erie na kuyamwaga Ziwa Ontario baada ya mwendo wa kilomita 58 hivi, ni mfupi kuliko mito mingi ambayo haijulikani nje ya wilaya zake, na sifa yake yote inatokana na mahali pamoja ambapo maji huanguka kwa takriban mita 50 mpakani mwa Marekani na Kanada. Ukingo wa mashariki uko katika jimbo la New York na wa magharibi katika jimbo la Ontario; kati yake kuna maporomoko matatu, nayo ni Horseshoe lililo kubwa kupita mengine, American, na Bridal Veil lililo dogo, na Kisiwa cha Goat kimelitenga la kwanza na hayo mawili. Waandishi wengi wa historia ya Niagara wamevutiwa zaidi na watembea juu ya kamba, wachoraji na maharusi wa fungate. Swali ambalo baba au mama wa familia kubwa alijiuliza kabla ya kuondoka nyumbani, yaani ni kiasi gani kitatosha kwa watu wote, limeandikwa kwa uchache, ingawa ndilo lililoamua nani angeyaona maji hayo na nani angebaki kuyasikia tu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 ghali ilikuwa safari yenyewe. Njia zilikuwa mbovu, na mwenye kufika alikuwa askari, mfanyabiashara au mtu mwenye mali. Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825 kutoka Albany hadi Buffalo kwa urefu wa kilomita 584 hivi, uliwezesha watu kuja kwa mashua za kukokotwa na farasi hadi jirani kabisa na maporomoko, na kufikia mwaka 1836 reli iliunganisha Buffalo na kijiji cha Niagara Falls. Nauli zilishuka mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, kadiri njia ilivyokuwa rahisi ndivyo kutazama kulivyokuwa ghali, kwa sababu ardhi ya kandokando ya mto ilikuwa mikononi mwa watu binafsi, nao walielewa upesi kwamba mgeni aliyekwisha kusafiri siku mbili hatageuka nyuma kwa ajili ya senti chache.

Upande wa New York, ndugu wawili wa ukoo wa Porter, Augustus na Peter, walimiliki ardhi ya ukingoni pamoja na Kisiwa cha Goat, wakajenga daraja la kuingilia kisiwani mwaka 1817, na barafu ilipolichukua wakajenga jingine mwaka uliofuata na kutoza kiingilio. Kiwango kilichozoeleka kilikuwa senti 25 kwa mtu. Fedha hiyo huonekana ndogo mpaka ipimwe kwa ujira wa wakati huo: kibarua asiye na ufundi, katikati ya karne hiyo, alipata kama dola 1 kwa siku, hivyo familia ya watu sita ingetumia zaidi ya ujira wa siku nzima kuvuka daraja moja tu, kabla ya chakula na malazi. Lazima isemwe kwa haki kwamba akina Porter waliacha misitu ya kisiwa hicho bila kukatwa, jambo ambalo majirani zao wenye viwanda hawakulifanya.

Upande wa Kanada mambo yalikuwa na sura nyingine, kwa kuwa huko kulikuwa na ukanda wa ardhi ya serikali uliofuata ukingo wa mto. Upana wake ulikuwa mnyororo mmoja, kipimo cha wapima ardhi cha futi 66, yaani mita 20 hivi, nao ulitengwa kwa shughuli za kijeshi, si kwa ajili ya watalii. William Forsyth, mwenye hoteli iliyoitwa Pavilion, alizungushia ukanda huo uzio katika miaka ya 1820 ili asipite mtu isipokuwa kupitia hotelini kwake, na luteni gavana Peregrine Maitland akawatuma askari waubomoe. Kesi na malalamiko yalifuata, lakini hoja ya msingi ilikuwa imekwisha kuwekwa: kwamba huenda umma una haki ya kusimama mahali fulani na kutazama bila kulipa.

Hoja hiyo haikumsaidia mgeni wa miaka ya 1850 na 1860. Kipande cha ardhi upande wa Kanada, kati ya ukingo na mwinuko ulio nyuma yake, kilichojulikana kwa jina la Front, kilijaa hoteli, maduka ya sanamu na vinyago, jumba la makumbusho la Thomas Barnett na nyumba ya Table Rock ya mshindani wake Saul Davis. Mbinu iliyolalamikiwa sana ilikuwa ya makoti ya kuzuia maji: mgeni aliambiwa kwamba kutazama ni bure, akavishwa koti na kuteremshwa hadi nyuma ya pazia la maji, na aliporudi juu akadaiwa fedha nyingi na watu wasiokubali kumwachia njia. Waendesha magari ya farasi nao walifanya kazi kama wapiga debe wa stendi yoyote, wakimgombania abiria tangu anaposhuka kwenye treni na kumpeleka kwa mwenye duka aliyewalipa kamisheni. Malalamiko yalizidi mpaka serikali ikaunda tume ya uchunguzi mwaka 1873. Aliyeumia zaidi katika mfumo huo hakuwa tajiri, aliyeweza kulipa na kuandika barua ya hasira gazetini, bali mtu aliyekuja na watoto na fedha iliyohesabiwa.

Kinga yake ya kwanza haikutoka serikalini bali kwenye kampuni za reli. Treni ya matembezi, yaani treni maalumu inayokodiwa na kundi kwa nauli ya pamoja ya kwenda na kurudi, ilikuwa imeanza kupata umaarufu Uingereza, ambako tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook aliwasafirisha watu wapatao 500 wa chama cha kupinga ulevi kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mmoja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: injini, makaa na wafanyakazi hugharimu karibu sawa mabehewa yakiwa matupu au yamejaa, kwa hiyo kampuni ilipohakikishiwa idadi ya abiria iliweza kushusha nauli kwa kiwango ambacho msafiri wa peke yake hakukipata. Amerika Kaskazini iliuchukua mtindo huo kwa haraka. Blondin, mtembea juu ya kamba, alipovuka korongo la Niagara tarehe 30 Juni 1859, sehemu kubwa ya umati ililetwa na treni za namna hiyo, na katika miongo iliyofuata makanisa, shule za Jumapili, vyama vya mafundi na viwanda vilizoea kuwapeleka watu wao Niagara kwa siku moja ya kiangazi.

Nauli nafuu ilikuwa sehemu tu ya faida ya kwenda kwa kundi. Waliokuja pamoja walikuwa na kiongozi wao, walirudi jioni ileile bila kulipia chumba, na walibeba vikapu vya chakula kutoka nyumbani, hivyo wapiga debe na wenye hoteli walipata kwao kidogo sana, na ndiyo maana wafanyabiashara wa mji hawakuwapenda. Hata wapenda mandhari wenye elimu waliwatazama kwa mashaka, wakiona kwamba mahali pa kutafakari pamegeuzwa uwanja wa tafrija. Dharau hiyo ya kitabaka imejificha ndani ya maandishi mengi mazuri ya wakati huo.

Haishangazi, basi, kwamba vuguvugu la kuikomboa Niagara liliongozwa na wasomi na wasanifu, si na abiria wa treni za matembezi. Frederick Law Olmsted, msanifu wa bustani aliyeshiriki kubuni Central Park ya New York, pamoja na Charles Eliot Norton wa Harvard, walidai kwamba jimbo linunue ardhi ya ukingoni, libomoe viwanda na kufuta viingilio vyote, kwani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 karibu hapakuwa na mahali upande wa Marekani pa kutazamia maporomoko bila kulipa. Gavana Alonzo Cornell alipinga, akiona kwamba kuyatazama maji hayo ni anasa na anayeitaka anasa ailipie mwenyewe. Mradi ulisubiri hadi alipoondoka madarakani: mrithi wake Grover Cleveland alitia saini sheria ya kwanza mwaka 1883, na gavana aliyemfuata, David Hill, sheria ya fedha mwaka 1885, ambayo iliwafidia wenye ardhi kwa zaidi kidogo ya dola milioni 1.4. Hifadhi ilifunguliwa tarehe 15 Julai 1885 mbele ya umati mkubwa, na kwa mara ya kwanza familia ilivuka kwenda Kisiwa cha Goat bila kufungua mkoba.

Ontario ilifuata tarehe 24 Mei 1888 kwa kufungua Bustani ya Malkia Victoria, lakini kwa sharti tofauti: bustani ijilipie yenyewe bila kutegemea kodi za wananchi. Sharti hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu wasimamizi ambao hawakutaka kutoza kiingilio walilazimika kutafuta fedha kwingine, na wakazipata kwa kukodisha haki za reli ya umeme, za huduma kwa wageni, na hatimaye za kutumia maji ya mto kuzalisha umeme. Kwa maneno mengine, mgeni alitazama bure maji ambayo sehemu yake ilikuwa imekodishwa ili atazame bure.

Reli za umeme zilizoanza upande wa Kanada mwaka 1893 na upande wa pili mwaka 1895 ziliwapa watu wa kawaida mzunguko mzima wa korongo kwa nauli ya tramu, na kiwanda cha ngano cha Shredded Wheat, kilichofunguliwa mjini mwaka 1901, kiliwakaribisha wageni kukitembelea bure kwa faida ya biashara yake. Meli za mvuke nazo zilivuka Ziwa Ontario kutoka Toronto zikiwa na makundi ya makanisa na viwanda. Kati ya makundi hayo yafaa kutajwa Wakanada weusi, ambao kuanzia mwaka 1924 walikusanyika kila Agosti huko Port Dalhousie kuadhimisha kukomeshwa kwa utumwa katika milki ya Uingereza. Kutoka bandari hiyo reli ya umeme ilifika hadi Niagara Falls, na kusafiri pamoja kuliwapa pia heshima na usalama ambavyo mtu mweusi aliyesafiri peke yake hakuhakikishiwa.

Gari la familia lilivunja utaratibu huo. Kundi la watu mia tano likawa watu watano, kamati ya kanisa ikawa baba mwenye ramani, na kuanzia miaka ya 1920 wakazi wa mji walianza kukodisha vyumba vya nyumba zao kwa wenye magari, wakifuatiwa na wenye moteli. Upande wa Kanada reli ya ukingoni ilifungwa mwaka 1932, na ya korongoni upande wa pili mwaka 1935. Aendaye kwa miguu haombwi kitu mpaka leo, lakini mwenye gari hulipia maegesho, kwa hiyo kiingilio kilichofutwa mwaka 1885 kimerudi kwa mlango mwingine, ingawa sasa hutozwa kwa gari na si kwa kichwa, jambo linaloipa nafuu familia kubwa.

Mkataba wa mwaka 1950 kati ya Marekani na Kanada uliongeza kipengele ambacho mpangaji wa safari nafuu hana budi kukijua. Ili mitambo ya umeme ipate maji bila kuharibu utalii, ilikubaliwa kwamba maji yanayoachwa kuanguka yasipungue mita za ujazo 2,832 kwa sekunde kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, kati ya tarehe 1 Aprili na 15 Septemba, na hadi saa 2 usiku kutoka hapo mpaka mwisho wa Oktoba. Nje ya saa na miezi hiyo, ambapo ndipo vyumba vya wageni hushuka bei, kinachotakiwa ni nusu ya kiasi hicho.