Thamani ya Ng'ombe Aliye Hai: Maziwa, Uzee na Sheria katika Historia ya India

Ng'ombe hatoi maziwa asipozaa. Karibu nusu ya ndama wake huwa madume, naye mwenyewe hukoma kukamuliwa miaka mingi kabla ya kufa. Ndiyo sababu maziwa na machinjio vimeandamana karibu kila mahali. India imejaribu kuvitenganisha, na historia yake yaonyesha kwamba imani haikutosha peke yake: daima ilihitaji hesabu.

Chanzo cha jaribio hilo ni *ahimsa*, neno la Kisanskriti lenye maana ya kutodhuru. Katika Gujarat, Wajaini walijenga makao ya wanyama wazee na wagonjwa. Makao ya ng'ombe huitwa *goshala*: *go* ni ng'ombe, *shala* ni nyumba. Humo gharama ya uzee ilibebwa na sadaka, hasa ya wafanyabiashara.

Mwaka 1881 Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj, alitoa kijitabu kiitwacho *Gokarunanidhi*. Hakuishia kwenye dini. Alihesabu watu wanaoshibishwa na maziwa ya ng'ombe mmoja maishani mwake, akawalinganisha na wachache wanaoshiba nyama yake mara moja tu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, kwani dume naye alikuwa na kazi: maksai alilima na kuvuta mkokoteni, na samadi ilikuwa mbolea na kuni. Hata hivyo, ulinzi wa ng'ombe ulizaa pia uadui. Mwaka 1893 Wahindu na Waislamu walipigana na kuuana kwa ajili yake. Gandhi, aliyempenda ng'ombe, alikataa mwaka 1947 kwamba wasio Wahindu walazimishwe kwa sheria.

Katiba ya mwaka 1950, katika kifungu cha 48, iliyahimiza majimbo kupiga marufuku uchinjaji wa ng'ombe na ndama. Wachinjaji Waislamu, waliopoteza riziki yao, walikwenda mahakamani. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwamba ng'ombe jike na ndama walindwe, lakini fahali na maksai wasioweza kazi tena wanaweza kuchinjwa, kwa kuwa wanawapunguzia malisho wenye nguvu. Mwaka 2005 mahakama hiyo hiyo iligeuza uamuzi: hata maksai mzee ana faida, maana samadi yake haikomi.

Lakini wakati huo trekta lilikuwa limekwisha kumnyang'anya maksai kazi yake katika mashamba mengi. Mpango wa maziwa ulioanza mwaka 1970 chini ya Verghese Kurien uliongeza maziwa mno. Sehemu kubwa yake ilitoka kwa nyati wa kufugwa, ambao katika majimbo mengi huruhusiwa kuchinjwa. Mkulima maskini asiyeweza kumwuza ng'ombe mzee humwachia barabarani, naye hula mazao ya jirani.

Hivyo sheria yaweza kuzuia kisu, lakini haileti majani. Nchini Uingereza, mwaka 2011, wafuasi wa Krishna walianza kuuza maziwa ya ahimsa kwa bei ya juu, iliyobeba matunzo ya madume na ya uzee. Huko gharama ilimwangukia mnywaji. Kumwacha ng'ombe hai ni deni. Haki yataka lilipwe na yule aliyefaidi maziwa, wala si na mnyonge.