Ardhi tupu haikosi mwenyewe: Hatua za kupata idhini ya kusaka vyuma ardhini Machakos

ARDHI ambayo haijajengwa wala kulimwa hudhaniwa na wengi kuwa haina mwenyewe. Dhana hiyo haina msingi katika sheria za Kenya, na humponza hasa mtu anayeingia humo na mashine ya kutambua vyuma kwa nia ya kusaka sarafu kuukuu, pete iliyopotea au dhahabu.

Katika Kaunti ya Machakos, mvuto wa shughuli hiyo si haba. Wakamba walisifika tangu zamani kwa ufuaji wa chuma na usukaji wa mikufu myembamba ya shaba, na misafara yao ya pembe za ndovu ilifika pwani katika karne ya 19. Mji wenyewe, uliopewa jina la kiongozi Masaku, ulikuwa kituo cha bara cha kampuni ya Imperial British East Africa mwishoni mwa miaka ya 1880, kabla ya makao ya utawala kuhamishiwa Nairobi mwaka 1899 kwa kuwa reli ilipita mbali.

Kwa hivyo, kuna uwezekano wa kukuta kitu cha kale chini ya udongo wa Machakos. Swali ni nani mwenye mamlaka ya kuruhusu kitafutwe, na kikipatikana ni cha nani. Makala haya yanaeleza hatua zinazofaa kufuatwa, na pale ambapo idhini ya mwenye shamba haitoshi.

Kila kipande kina mwenyewe

Katiba ya mwaka 2010 inagawa ardhi yote ya Kenya katika mafungu matatu: ardhi ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Hakuna fungu la nne la ardhi isiyo na mwenyewe.

Kifungu cha 62 kinasema kwamba ardhi ambayo haiwezi kuthibitishwa kisheria kuwa ya mtu au jamii yoyote, na hata ile ambayo mrithi wake hawezi kupatikana, ni ardhi ya umma. Ardhi ya namna hiyo huwa chini ya serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Wakazi wa Mavoko wanaelewa uzito wa jambo hili. Mnamo Oktoba 2023 nyumba za watu zilibomolewa katika ardhi ambayo mahakama iliamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Wengi waliopoteza makao walisema walinunua ploti hizo kwa nia njema. Ikiwa aliyejenga nyumba ya mawe anaweza kuambiwa kwamba ardhi ina mwenyewe, sembuse aliyeingia na sepetu?

Sheria ya kuingia kwenye ardhi bila idhini, Sura ya 294, inamtia hatiani mtu anayeingia au kubaki katika ardhi ya kibinafsi bila ruhusa ya anayeikalia na bila sababu ya haki. Neno "anayeikalia" ni la kuzingatiwa. Shamba likiwa limekodishwa kwa mkulima au mfugaji, ruhusa ya mwenye hatimiliki peke yake haikutoshi. Mpangaji naye lazima akubali.

Jinsi ya kumtambua mwenyewe

Hatua ya kwanza ni kupata nambari ya usajili ya ardhi. Majirani, wazee wa kijiji na naibu wa chifu aghalabu hujua ploti ni ya nani, na ramani za usajili katika afisi za upimaji huonyesha nambari ya kila kipande.

Ukiwa na nambari hiyo na kitambulisho chako, unaweza kuomba taarifa rasmi kutoka kwa afisi ya usajili wa ardhi, shughuli ambayo wengi huiita kufanya "sachi". Mtu yeyote anaruhusiwa kuiomba, si lazima awe mnunuzi. Taarifa hiyo hutaja jina la mwenyewe, ukubwa wa ardhi, na kama kuna deni la benki au zuio lililowekwa.

Zuio si jambo la kupuuzwa. Mara nyingi humaanisha kwamba kuna mgogoro, na mgeni akichimba mashimo katika ardhi inayogombaniwa, pande zote mbili humshuku kuwa ametumwa na mwenzake.

Ardhi ikiwa ya umma, ombi huelekezwa kwa taasisi inayoitumia. Msitu wa serikali uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, hifadhi ya reli ni ya Shirika la Reli, na kiwanja cha shule huombewa kwa bodi ya usimamizi. Kwa ardhi iliyo mikononi mwa kaunti, barua hupelekwa kwa idara ya ardhi ya kaunti.

Chifu na naibu wake hawana mamlaka ya kutoa ardhi ya mtu mwingine. Hata hivyo, ni busara kuwaarifu mapema, kwani wao ndio watakaopigiwa simu wanakijiji watakapoona mtu asiyejulikana akizunguka shambani na mashine inayolia.

Mwenyewe akiwa marehemu

Hapa ndipo wengi hukwama. Si jambo geni sachi kuonyesha jina la babu aliyezikwa miaka mingi iliyopita, ilhali watoto na wajukuu wake hawajafuata utaratibu wa urithi mahakamani.

Mwanafamilia mmoja akikupa ruhusa, na pengine akapokea chochote kutoka kwako, huenda amejitia matatani yeye mwenyewe. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inafanya kuwa kosa kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria.

Anayeweza kuruhusu ni msimamizi wa mali hiyo aliyetambuliwa na mahakama. Omba kuonyeshwa hati ya usimamizi, na ikiwa haipo, ni afadhali kutafuta shamba jingine. Maneno ya mdomo ya ndugu mmoja hayawezi kukukinga dhidi ya ndugu wengine watano.

Weka makubaliano kwenye maandishi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ruhusa ya mdomo hukanushwa upesi pindi uvumi wa dhahabu unapoenea kijijini.

Barua fupi yatosha, mradi itaje mambo yafuatayo:

- Majina kamili na nambari za vitambulisho vya pande zote, pamoja na nambari ya ardhi.

- Sehemu ya shamba itakayopitiwa, na sehemu zisizoruhusiwa kama vile makaburi, mimea na mabomba ya maji.

- Tarehe ya kuanza na kumaliza, na saa za kazi. Usiku uachwe kabisa.

- Kina cha mashimo, na ahadi ya kuyafukia siku hiyo hiyo. Ng'ombe anayevunjika mguu shimoni ni hasara itakayodaiwa.

- Jinsi vitu vya kawaida vitakavyogawanywa, na nani ataripoti vile ambavyo sheria haiviruhusu kugawanywa.

- Sahihi za wahusika na za mashahidi wawili, mmoja wao akiwa jirani anayepakana na shamba hilo.

Mpaka wa mwaka 1895

Ruhusa ya mwenye shamba, hata iwe na sahihi kumi, haihalalishi utafutaji wa vitu vya kale. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachoweza kubebwa, isipokuwa vitabu na hati, ambacho kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Vitu hivyo vikiwa ardhini ni mali ya Serikali, haidhuru hatimiliki ya shamba ina jina la nani.

Sheria hiyo inakataza kuvitafuta, iwe kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, bila leseni ya utafiti inayotolewa na waziri. Katazo hilo halihusu maeneo yaliyohifadhiwa pekee, bali nchi nzima.

Chukua mfano wa sarafu. Rupia iliyotengenezewa Mombasa mwaka 1888, enzi za kampuni ya Imperial British East Africa, ni kitu cha kale na ni mali ya Serikali. Paisa ya mwaka 1897 au shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mapema katika miaka ya 1920, haimo katika fungu hilo. Mashine hulia mlio ule ule kwa zote tatu.

Leseni ya waziri hutolewa baada ya pendekezo la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na imekusudiwa wenye mafunzo na uzoefu wa kitaalamu wanaoungwa mkono na taasisi inayotambulika. Asiye mtaalamu mwenye hamu ya kazi hii anaweza kujitolea kufanya kazi chini ya watafiti walio na leseni.

Sababu ya ukali huu si uchoyo wa Serikali. Kitu cha kale kina maana kikiwa mahali kilipolala. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na China walipochimbua sarafu ya Kichina ya mapema karne ya 15 huko Mambrui, karibu na Malindi, uzito wake haukuwa katika shaba yake. Ulikuwa katika tabaka la udongo na masalia yaliyokuwa kando yake. Sarafu hiyo ikiuzwa sokoni bila maelezo hayo, haiwezi kusimulia chochote kuhusu biashara ya pwani.

Machakos nayo ina hazina yake. Katika kilima cha Lukenya, karibu na Athi River, wanaakiolojia wamepata zana za mawe za makumi ya maelfu ya miaka na kipande cha fuvu la binadamu. Mashine haiwezi kutambua mawe wala mifupa, lakini sepetu ya anayefukuzia kizibo cha soda yaweza kuviharibu vyote.

Madini ni ya Jamhuri

Anayesaka dhahabu au madini mengine ghafi naye ana sheria yake. Katiba inayahesabu madini kuwa sehemu ya ardhi ya umma, nayo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inakataza kuyatafuta au kuyachimba bila leseni au kibali.

Sheria hiyo imewatambua wachimbaji wadogo, ambao huomba vibali vyao katika ngazi ya kaunti. Haki ya kuchimba katika ardhi ya kibinafsi haitolewi bila ridhaa ya mwenyewe. Yaani idhini mbili zahitajika, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Mahali pa kuepuka

Makaburi ya familia yasiguswe kamwe. Vilevile mathembo, maeneo matakatifu ya Wakamba ambayo mara nyingi huwa chini ya miti mikubwa, hayaruhusiwi kuchezewa hata kama mwenye shamba ni kijana asiyejali mila.

Vyuma vya mipaka vilivyowekwa na wapimaji ardhi navyo hulia mashine inapopita. Kuving'oa ni kosa, na ni chanzo cha ugomvi wa miaka mingi baina ya majirani.

Katika maeneo yaliyowahi kutumiwa na wanajeshi, chuma kilichofukiwa chaweza kuwa bomu. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni 4.5 milioni kwa watu 228 walioathiriwa na mabomu yaliyoachwa Dol Dol na Archers Post. Ukiona kitu kinachofanana na risasi kubwa au gruneti, usikiguse. Weka alama kwa mbali na uwaite polisi.

Ukipata kitu

Ukikutana na kitu cha kale kwa bahati, acha kuchimba. Usikisafishe wala kukisugua. Piga picha, andika mahali na kina ulipokipata, kisha uyaarifu Makavazi ya Kitaifa. Sheria inampa aliyegundua kitu cha kiakiolojia siku saba kutoa taarifa.

Pete, saa au simu ina mwenyewe aliyeipoteza. Sheria ya jinai humhesabu aliyeokota kuwa mwizi ikiwa anamjua mwenyewe, au angeweza kumpata, lakini akaamua kuifanya mali yake. Vyuma chakavu navyo viuzwe kwa wafanyabiashara wenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, ili usije ukadaiwa kung'oa reli au nyaya za umeme.

Uingereza imetoa mifano miwili ya kutafakari. Mwaka 2009 Terry Herbert alipata hazina ya dhahabu huko Staffordshire katika shamba la Fred Johnson, aliyekuwa amempa ruhusa. Aliripoti, na wawili hao wakagawana pauni 3.285 milioni. Lakini George Powell na Layton Davies, waliochimbua hazina ya enzi za Waviking mwaka 2015 na kuificha, walifungwa jela mwaka 2019.

Sheria ya Kenya haifanani na ile ya Uingereza, na asitokee mtu kutarajia zawadi kama hiyo hapa. Hata hivyo, tofauti kati ya waliolipwa na waliofungwa ilikuwa ruhusa na taarifa.

Jihadhari na matapeli

Mashine hizi hufanya kazi kwa kutuma mawimbi ya sumaku ardhini na kupokea mwitikio wa metali. Nyingi za bei ya kawaida hutambua sarafu ikiwa kina cha sentimita 30 hivi au pungufu, na udongo mwekundu wenye chuma kingi huzitatiza. Karatasi ya alumini na kifungulio cha mkebe wa soda huweza kutoa ishara inayofanana na ya dhahabu.

Kwa hivyo, anayekuja na mashine akidai imeona sanduku la dhahabu la Wajerumani au Waingereza mita kadhaa chini ya shamba lako, kisha akakudai fedha za "kufungua" mali hiyo, hana nia njema. Mwenye shamba anayo haki ya kukataa, na mwenye mashine mwaminifu hatachukizwa akiombwa kitambulisho, barua na mashahidi.