Spika Isiyoonekana: Historia ya Hitilafu katika Mitandao ya Muziki ya Nyumbani

Mfumo wa kutiririsha muziki nyumbani, yaani ule unaopokea sauti kupitia mtandao wa kompyuta badala ya kuisoma kwenye kaseti au diski, huwa na sehemu kuu nne: chanzo cha muziki, ambacho huweza kuwa kompyuta iliyomo ndani ya nyumba au seva iliyoko mbali, ruta, yaani kifaa kinachogawa anwani na kuelekeza data, spika zenye uwezo wa kujiunga na mtandao, na rimoti, ambayo siku hizi aghalabu ni programu iliyo ndani ya simu. Hitilafu inayojulikana sana katika mifumo hiyo ni ile ambayo spika imewaka, simu ina intaneti, ruta haina kasoro inayoonekana, lakini programu inashikilia kwamba hakuna spika iliyopatikana. Chimbuko la hali hiyo haliwezi kueleweka kwa kuchunguza kifaa kimoja kimoja, kwa sababu ni matokeo ya maamuzi ya kihandisi yaliyofanywa kwa zaidi ya karne moja, na maamuzi hayo yana mwelekeo mmoja: kila kizazi kilirahisisha ufungaji wa mfumo kwa kuuficha mtandao machoni pa mtumiaji, na kadiri mtandao ulivyofichwa ndivyo mahali pa kutafutia hitilafu palivyozidi kufichika.

Wazo la kupeleka muziki majumbani kwa waya ni la kale kuliko redio. Mwaka 1881, katika Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme mjini Paris, mhandisi Clément Ader aliweka vinasa sauti kwenye jukwaa la Opera na kuviunganisha kwa waya za simu na vyumba vya maonyesho, ambako wasikilizaji walishika kipokezi kimoja kwa kila sikio na kuusikia mchezo uliokuwa ukiendelea mahali pengine. Huduma hiyo, iliyoitwa Théâtrophone, ilianza kuendeshwa kibiashara mwaka 1890 na ikadumu hadi 1932. Huko Budapest, Tivadar Puskás alianzisha mwaka 1893 huduma ya Telefon Hírmondó, iliyowapelekea wateja wake habari na muziki kwa ratiba ya siku nzima. Katika mifumo hiyo kiungo kati ya chanzo na msikilizaji kilikuwa waya unaoshikika, na sauti ilipokatika fundi aliweza kuufuata waya huo hadi mahali ulipoharibika.

Hata hivyo, mapema sana ilidhihirika kwamba njia inayotumiwa na wengi huzaa matatizo ya aina yake. Thaddeus Cahill, Mmarekani aliyepata hataza ya Telharmonium mwaka 1897, alijenga mtambo wa kuzalisha muziki kwa umeme uliokuwa na uzito wa takriban tani 200, ukafungwa mjini New York mwaka 1906 ili muziki wake uuzwe kwa hoteli na majumba kupitia nyaya. Kwa kuwa vikuza sauti vya kielektroniki vilikuwa bado havijapatikana, mtambo ulilazimika kusukuma umeme mwingi kuliko ule wa simu ya kawaida, na muziki ukavujia kwenye mazungumzo ya watu waliokuwa wakipiga simu zao. Mradi huo haukudumu, lakini uliacha funzo ambalo lingerudi katika zama za waifai: chanzo cha hitilafu huweza kuwa jirani anayetumia njia ileile.

Mtandao wa kompyuta uliobeba muziki wa baadaye ulizaliwa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, ambako Robert Metcalfe aliandika mwaka 1973 waraka ulioeleza Ethernet, mfumo wa vifaa vingi kutumia kebo moja kwa pamoja kwa kugawa data katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Zana ya kwanza kufikiriwa na fundi wa leo anapochunguza mtandao wa namna hiyo ilikuja miaka kumi baadaye. Mnamo Desemba 1983 Mike Muuss, aliyekuwa katika maabara ya utafiti wa silaha ya jeshi la Marekani huko Maryland, aliandika programu fupi ya ping, inayotuma ujumbe kwa kifaa kingine na kupima muda unaochukua jibu kurudi, akiipa jina la mlio wa chombo cha kutambua vitu chini ya maji kwa sauti. Muuss mwenyewe alisimulia kisa cha fundi mmoja ambaye kebo yake ilikuwa ikikatika mara kwa mara: fundi huyo aliiunganisha ping na programu ya kutamka maneno, akapeleka sauti kwenye redio kubwa ya ofisini, kisha akazunguka jengo zima akitikisa viungo vya kebo hadi sauti iliponyamaza. Katika kisa hicho vyombo vya muziki ndivyo vilivyotumika kuutibu mtandao, na utaratibu wake, wa kupima kiungo kimoja huku hali ikisikika papo hapo, ndio uliokuja kukosekana katika mifumo iliyofuata.

Hatua iliyobadilisha aina ya hitilafu ilichukuliwa mwaka 1989, pale Steve Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford alipochapisha kanuni za utumaji kwa kundi, njia ambayo pakiti moja hupelekwa kwa vifaa vyote vilivyojiandikisha katika kundi fulani bila mtumaji kuvijua kimoja kimoja. Kwa njia hiyo bendi ya Severe Tire Damage, iliyoundwa na wataalamu wa kompyuta, ilipiga muziki wa moja kwa moja kupitia intaneti mnamo Juni 1993. Utumaji kwa kundi haukuenea katika intaneti ya umma, lakini ulipata kazi nyingine ndani ya nyumba. Kifaa kipya kisichojua anwani ya chochote kinaweza kuuliza kundi zima ni nani anayecheza muziki, na spika husika ikajibu. Kwa maneno mengine, mbinu iliyobuniwa kusambaza data ikawa mbinu ya vifaa kutambuana.

Nyumba yenyewe ilikuwa ikigeuka kuwa mtandao kamili katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1993 kulichapishwa itifaki ya DHCP, yaani kanuni za mawasiliano zinazoiwezesha ruta yenyewe kuvipa vifaa anwani bila mtu kuziandika kwa mkono, na mwaka 1996 zikatengwa rasmi anwani za faragha, zikiwemo zinazoanza na 192.168, ambazo hutumika ndani ya nyumba tu na kutafsiriwa na ruta pale data inapotoka kwenda nje. Mwaka 1995 watafiti wa Fraunhofer nchini Ujerumani walichagua tambulishi ya .mp3 kwa mafaili ya mfumo wao wa kubana sauti, ambao uliweza kuushusha muziki wa diski kutoka takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde hadi 128. Kwa kiwango hicho suala la upana wa njia likawa karibu limekwisha, kwani hata kiwango cha waifai cha mwaka 1999, chenye kasi ya juu ya megabiti 11 kwa sekunde, kilikuwa na nafasi ya kutosha kwa nyimbo kadhaa kwa pamoja.

Kilichosalia ni kukatika kwa mawimbi yenyewe. Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu mwaka 1985 masafa kadhaa yatumike bila leseni, likiwemo eneo la gigahezi 2.4, ambalo ndilo linalotumiwa pia na jiko la maikrowevu. Waifai ilipojijenga humo ilirithi msongamano wake: katika chaneli 11 zinazotumika Marekani, ni tatu tu, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, ambazo haziingiliani. Mtu anayepakua faili haoni athari ya kuingiliwa kwa muda mfupi, kwa sababu pakiti iliyopotea hutumwa tena; muziki hauna subira hiyo, na spika hulazimika kuweka akiba ya sekunde kadhaa za sauti ili kufidia ucheleweshaji, na akiba hiyo inapokwisha ndipo wimbo hukwama.

Vifaa vya mwanzo vya muziki wa mtandaoni havikuuficha mtandao huo. SLIMP3, iliyotolewa mwaka 2001 na kampuni ya Slim Devices ya Sean Adams huko California, iliunganishwa kwa kebo ya Ethernet na kupokea muziki kutoka kwa programu ya seva iliyowekwa kwenye kompyuta ya nyumbani, na mwaka 2003 ikafuatwa na Squeezebox iliyokuwa na waifai. Mtumiaji alichagua mtandao wake kwa rimoti na kuiona anwani kwenye kioo cha kifaa. Kizuizi cha kawaida kilikuwa ngome ya ulinzi ya kompyuta, yaani programu inayofunga milango ya mawasiliano isiyoruhusiwa, na tiba yake ilikuwa kufungua mlango namba 3483 wa kuongozea kifaa na 9000 wa kupokelea muziki. Ufungaji wa namna hiyo ulihitaji maarifa, lakini kila kosa lilikuwa na jina na namba.

Wakati huohuo wahandisi wengine walikuwa wakitafuta njia ya kuondoa maarifa hayo. Jukwaa la UPnP lilianzishwa mwaka 1999, na Stuart Cheshire wa Apple akaongoza kazi iliyotoa mwaka 2002 mfumo wa Rendezvous, ulioitwa Bonjour kuanzia 2005; mifumo yote miwili iliutegemea utumaji kwa kundi ili vifaa vitambuane bila mtu kuandika anwani. Juu ya msingi huo Apple ilitoa AirPort Express mwaka 2004, kifaa kidogo kilichochomekwa ukutani na kupeleka muziki wa kompyuta kwenye redio ya kawaida. Urahisi huo ulikuja na sharti lisiloandikwa kwenye kasha, kwamba simu na spika ziwe katika mtandao mmoja na kwamba kila swichi, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, iliyo kati yao ipitishe ujumbe wa kundi. Baadhi ya swichi husikiliza ni nani aliyejiandikisha katika kundi ili zisiisumbue mitandao kwa pakiti zisizotakiwa. Pasipokuwa na kifaa cha kuuliza mara kwa mara, uandikishaji hufutika, na spika iliyoonekana asubuhi hutoweka baada ya dakika chache.

Mfano mzito zaidi wa gharama ya urahisi ni Sonos, kampuni iliyoanzishwa Santa Barbara mwaka 2002 na kuanza kuuza vifaa vyake mwaka 2005. Lengo lake lilikuwa vyumba vyote vicheze wimbo mmoja bila mwangwi, jambo linalohitaji saa za spika zote zikubaliane kwa usahihi mkubwa, na kwa ajili hiyo spika ziliunda mtandao wao wenyewe wa pasiwaya, kila moja ikipitisha data ya nyingine. Mpangilio huo huweza kuzaa mzunguko: spika mbili zilizounganishwa kwa kebo na pia kwa mawimbi huunda njia isiyo na mwisho, ambamo pakiti hujirudia hadi mtandao mzima wa nyumba ukasimama. Kinga yake ilikuwa itifaki ya mti wa matawi, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 akiwa Digital Equipment Corporation, ambayo huvifanya vifaa vikubaliane ni njia ipi izibwe ili mzunguko usitokee. Swichi iliyoupuuza au kuuzuia ujumbe wa itifaki hiyo iliuangusha mtandao, na mwenye nyumba aliilaumu kampuni ya intaneti, ilhali kosa lilikuwa kebo moja ya ziada nyuma ya kabati.

Kuanzia mwaka 2013, kwa ujio wa Chromecast na Spotify Connect, muziki ulihama kutoka kompyuta ya nyumbani kwenda kwenye seva za mbali: spika huuchukua wimbo moja kwa moja kwenye intaneti, na simu hubaki rimoti tu. Wengi walitarajia kwamba mtandao wa ndani ungepoteza umuhimu, lakini simu bado ilipaswa kuitambua spika, na mazingira yalikuwa yamezidi kutatanisha. Ruta nyingi zilikuja na mtandao wa wageni unaovizuia vifaa kuonana kwa sababu za usalama, na nyumba nyingine zilijikuta na ruta mbili, ya kampuni ya intaneti na ya mwenye nyumba, kila moja ikigawa anwani zake, kiasi kwamba simu iliyo kwenye moja haikuweza kuiona spika iliyo kwenye nyingine ingawa zote mbili zilizifikia seva za mbali bila shida.

Matukio mawili ya mwaka 2024 yanaonyesha mwelekeo huo wa kuuficha mtandao ulikofikia. Mnamo Mei Sonos ilitoa programu mpya ya simu iliyopungukiwa na vipengele vya zamani na iliyolalamikiwa kwa kufanya kazi polepole na kwa spika kupotea. Mkuu wake, Patrick Spence, aliomba radhi hadharani mwezi Julai na akaondoka Januari 2025. Katika mwaka huohuo wa 2024 Logitech, iliyoinunua Slim Devices mwaka 2006 na kuacha kuuza Squeezebox mwaka 2012, ilizima seva yake ya kuhudumia vifaa hivyo. Lakini kwa kuwa programu ya seva ya nyumbani ilikuwa wazi kwa wote, watumiaji waliendelea kuitunza kwa jina la Lyrion, na vifaa vya zaidi ya miaka kumi viliendelea kucheza. Kifaa ambacho mmiliki wake aliweza kuzisoma anwani na kuifikia programu kilirekebishika, ilhali kile kilichofungiwa ndani ya programu moja kilimwacha akisubiri toleo jipya.

Mpangilio wa uchunguzi unaofaa hutokana na historia hiyo. Kwanza hutazamwa kama simu na spika zina anwani za mtandao mmoja, kwani anwani inayoanza na 169.254 huashiria kwamba kifaa hakikupata anwani kutoka kwa ruta na kimejipa chenyewe. Kisha ping huonyesha kama vifaa vinafikiana. Ndipo hufuata mtandao wa wageni, ruta ya pili, swichi na ngome, na mwisho kabisa msongamano wa mawimbi. Wengi huanza na hatua ya mwisho kwa kununua ruta yenye kasi zaidi, na hilo ni zao la historia yenyewe, kwa maana kasi ndiyo sehemu pekee ya mtandao ambayo watengenezaji hawakuwahi kuificha, kwa kuwa ndiyo waliyokuwa wakiiuza.