Namna Mimea ya Tiba Asili Inavyopimwa Kabla ya Kuwa Dawa ya Malaria

Kuanzia Mbagala na Chamazi wilayani Temeke hadi Tegeta na Bunju wilayani Kinondoni, mwarobaini ni mti wa uani. Majani yake huchemshwa, na maji yake machungu hunyweshwa mgonjwa wa homa. Jina lake latokana na imani kuwa unatibu maradhi arobaini, dai lililo kubwa kuliko ushahidi uliopo, ingawa si dai tupu.

Gedunini, kimojawapo cha viini vya mwarobaini, huua vimelea vya malaria vinavyokuzwa maabara. Hata hivyo, kiini hicho kilipojaribiwa kwa panya walioambukizwa malaria, hakikuonyesha nguvu hiyo. Kinachoua kimelea ndani ya chombo cha kioo huweza kuvunjwavunjwa na mwili kabla hakijafika kwenye damu, na hapo ndipo mimea mingi huishia.

Nchini Tanzania utafiti wa aina hii ulipata makao mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa hadhi kuwa taasisi kamili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) nayo ina kituo cha utafiti wa tiba asili Mabibo, eneo lililokuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya kuanzishwa kwa Wilaya ya Ubungo.

Kazi huanza kwa mganga, ambaye hueleza anachotumia: jani, gome au mzizi, na namna anavyokiandaa. Mtaalamu wa mimea hutambua jina la kisayansi na kuhifadhi sampuli iliyokaushwa, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili tofauti. Viini huchujwa kwa maji au spiriti, kisha hujaribiwa dhidi ya Plasmodium falciparum, kimelea kinachokuzwa katika chembe nyekundu za damu ya binadamu kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1976. Hufuata vipimo vya sumu na majaribio kwa panya. Majaribio kwa binadamu hayafanyiki bila kibali cha maadili ya utafiti na idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Safari hiyo ni ndefu, lakini imewahi kufika mwisho. Kwinini ilitoka kwenye gome la mkwinini, mti uliopandwa pia Amani, katika milima ya Usambara, enzi za utawala wa Wajerumani. Atemisinini ilipatikana China mwaka 1972 katika mmea wa Artemisia annua, na Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto ya ALu, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2006, ina asili hiyo. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya mmea huo kwa malaria: kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, na dozi pungufu huacha vimelea hai vinavyoweza kujenga usugu.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Malaria kali kwa mtoto mdogo huweza kuua ndani ya saa chache. Katika ukanda wa Pwani, degedege limehusishwa kwa muda mrefu na pepo, na mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga. Utafiti wa NIMR uliochapishwa mwaka 2006 kutoka Kilosa na Handeni ulichunguza nafasi ya waganga hao katika malaria kali ya watoto; mganga anayetambua dalili za hatari na kumwelekeza mzazi hospitali mara moja huokoa muda ambao hakuna dawa inayoweza kuurudisha.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Usajili wa mganga haumaanishi kuwa kila dawa anayoiuza imethibitishwa kutibu malaria. Mwananchi ana haki ya kuulizia usajili wa dawa yenyewe. Kwa mwenye homa, kipimo cha malaria hutangulia dawa yoyote, ya kizungu au ya mitishamba.