Usiku Mbaya na Usiku Mwema: Safari ya Kwaya Iliyoitwa Yubile



Tangu kamati ya yubile ianze kukutana, sisi wazee wa kwaya tumekuwa na ubishi mmoja kila baada ya mazoezi: kati ya matamasha yote tuliyowahi kuhudhuria, lipi lilikuwa bora na lipi lilikuwa baya kabisa? Kuhusu lililo bora, kila mtu ana lake. Kuhusu lililo baya hatubishani. Wote tuliokuwapo tunataja lile la mvua.

Tulikuwa tumealikwa mji wa mbali kuchangisha pesa za mabati ya kanisa changa. Tulifika tumechelewa kwa sababu ya matope, sare zimelowa, na stima zilikuwa zimepotea. Kinanda tulichokuwa tumekodi kikabaki mzigo tu. Watu waliokuja walikuwa wachache kuliko sisi waimbaji. Sauti ya kwanza walianza juu mno, sisi wa sauti ya tatu tukapotea, na wimbo wa pili ukakatika katikati mwalimu akiwa bado anapunga mikono. Mchango uliopatikana haukutosha hata nauli ya kurudi. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno mpaka tukafika nyumbani.

Kitabu hiki kilipokuwa kikipangwa, kuna aliyependekeza kwamba tuandike ushindi wetu tu: vikombe, kanda tulizorekodi, na wageni wa heshima waliotusifu. Naelewa nia yake, kwani yubile ni siku ya furaha. Lakini kwa heshima naomba kutofautiana naye. Badala ya kujitetea kwa maneno yangu, nitasimulia habari za kwaya nyingine, ile iliyobeba neno hili "yubile" katika jina lake zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, shule ya Fisk ilifunguliwa mjini Nashville, jimbo la Tennessee, kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Madarasa yake yalikuwa majengo makuukuu ya hospitali ya jeshi. Umaskini ulikuwa mkubwa hata wanafunzi wakaokota pingu na minyororo yenye kutu mahali walipokuwa wakiuzwa watumwa, wakaiuza kama vyuma chakavu ili wanunue vitabu vya kujifunza kusoma. Kufikia 1871 majengo yalikuwa yanaoza na madeni yamefika shingoni. Mweka hazina wa shule, George White, ambaye pia alifundisha uimbaji, akapata wazo ambalo kila mwanakwaya wa Kenya atalitambua: twende tukaimbe, tuchangishe.

Wengi walimpinga, na chama cha misheni kilichosimamia shule kilikataa kugharamia safari. Tarehe 6 Oktoba 1871 aliondoka hivyo hivyo na vijana tisa, wengi wao wamezaliwa utumwani. Mpiga kinanda wao, Ella Sheppard, alikuwa na umri wa miaka 20. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa utotoni, mpaka baba yake alipomnunua ili awe huru.

Majuma ya kwanza, katika jimbo la Ohio, yalikuwa machungu. Hoteli ziliwafukuza kwa sababu ya rangi yao. Watu wa siku hizo walikuwa wamezoea maonyesho ya wazungu waliojipaka weusi usoni na kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka, kwa hiyo baadhi ya waliohudhuria walikuja wakitarajia kuchekeshwa. Michango ilikuwa midogo. Katika mojawapo ya matamasha yao ya kwanza walipata chini ya dola 50. Siku hizo hizo mji wa Chicago ulikuwa umeteketea kwa moto mkubwa, nao wakazitoa pesa zile zote kwa walioathirika. Hebu fikiria: kwaya iliyotoka kuokoa shule yake, haina pesa za kulala wala koti la baridi, inatoa mfuko mzima kwa watu wasiowajua.

Walipofika mji wa Columbus, White alikuwa karibu kukata tamaa. Alikesha katika maombi, na asubuhi akawaambia vijana kwamba amewapatia jina: Waimbaji wa Yubile. Alilitoa katika Mambo ya Walawi 25, panapoagizwa kwamba mwaka wa hamsini baragumu ipigwe, watumwa waachwe huru na kila mtu arudi kwa jamaa yake. Kwa hiyo jina hilo tunalolitumia leo kwa furaha ya miaka 50, wao walipewa wakiwa katika wakati wao mgumu kabisa, kabla hawajafanikiwa lolote.

Jambo la pili lililobadilika lilikuwa nyimbo. Mwanzoni waliimba hasa nyimbo za Kizungu za wakati ule, waonyeshe kwamba wamesoma. Nyimbo za wazazi wao, zile walizoimba watumwa mashambani na katika ibada za siri, waliziimba wenyewe kwa wenyewe tu. Waliona zinawakumbusha aibu ya utumwa, na tena zilikuwa takatifu mno kuimbwa mbele ya wageni. Novemba 1871 waliruhusiwa kuimba kidogo katika mkutano mkuu wa makanisa mjini Oberlin, papo hapo Ohio. Wajumbe walikuwa katika mapumziko, wanazungumza, hawana habari nao. Vijana wakaanza wimbo mmoja wa watumwa, polepole, kwa sauti ya chini sana. Mazungumzo yakakatika, ukumbi mzima ukanyamaza. Tangu hapo nyimbo hizo zikaendelea kuchukua nafasi kubwa katika programu yao, na milango ikaanza kufunguka. Ziara ile ya kwanza ilirudisha shuleni kiasi cha dola 20,000.

Juni 1872 walialikwa Boston, kwenye Tamasha la Amani la Dunia, lenye kwaya ya maelfu ya waimbaji. Kulikuwa na wimbo ambao beti zake za kwanza zilipewa kwaya nyingine. Sauti ya kuanzia ilitolewa juu mno, na kwaya ile ikashindwa mbele ya umati wote. Mwanakwaya yeyote anajua tumbo linavyokaza hapo. Ubeti uliofuata ulikuwa wa vijana wa Fisk. Wao walikuwa wameufanyia mazoezi kwa sauti hiyo hiyo ya juu, wakitamka neno moja moja. Walipoimba, umati ulisimama ukipiga kelele za furaha. Wimbo mmoja, jukwaa moja, saa moja, na kulikuwa na tamasha baya na tamasha bora ndani yake.

Mwaka 1873 waliimba Uingereza mbele ya Malkia Victoria. Tarehe 1 Januari 1876 jengo lililotokana na nyimbo zao, Jubilee Hall, lilifunguliwa rasmi, na mpaka leo limesimama Nashville. Nisifiche gharama yake: safari ziliwachosha, kadhaa waliugua, na mwaka 1878 kundi lile la awali lilivunjika.

Lakini mbegu ilikuwa imevuka bahari. Mwaka 1890 Orpheus McAdoo, aliyewahi kuimba katika kundi lililoendeleza jina hilo la Yubile, alifika Afrika Kusini na waimbaji wake. Mwaka uliofuata kwaya ya vijana Waafrika ikasafiri kutoka huko kwenda kuimba Uingereza. Ilipovuka baadaye kwenda Marekani, walioiongoza waliitelekeza bila pesa, na hapo ni Ohio tena! Kanisa la Wamarekani weusi likawasaidia, na mmoja wao, Charlotte Manye, akapata nafasi ya kusoma katika chuo cha Wilberforce katika jimbo hilo hilo. Alirudi kwao na shahada, miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza wa Afrika Kusini kuwa nayo. Wengi wanamjua kwa jina la ndoa, Charlotte Maxeke, mtetezi wa haki za wanawake wa nchi yake.

Nikirudi kwetu: kanisa lile changa lilipata mabati yake baadaye, na si kwa pesa zetu. Sitadai kwamba mvua ile ilikuwa baraka iliyojificha. Lakini Jumanne iliyofuata mwalimu wetu alifika mazoezini, akafunika kinanda kwa kitambaa, akasema kuanzia siku hiyo nusu saa ya kwanza tutaimba bila chombo chochote, na kila sauti itajifunza kuanza yenyewe. Tulinung'unika. Nanyi vijana mnaonung'unikia nusu saa hiyo mpaka leo, sasa mnajua ilikotoka. Na yale matamasha tunayobishania kwamba ndiyo bora, yote yalikuja baada ya nusu saa hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ni dogo. Katika orodha ya matamasha iliyo mwishoni mwa kitabu hiki, liandikwe na lile la mvua, mahali pake, pamoja na vikombe. Siku moja stima zitapotea tena na ukumbi utakuwa mtupu, na mimi sitakuwapo kuwasimulia.

Mungu aibariki kwaya yetu, na miaka mingine 50 iwe ya sifa kwake.

Mzee mmoja wa sauti ya tatu