Meli ya Masanduku na Gari la Nitro: Amri Inafikaje Kwenye Injini?

Gari la rimoti la kuunda mwenyewe, lile la injini ya nitro, linakuja vipande vipande: chesisi, injini ndogo, matairi, mfuko wa skrubu. Kigoma iliwahi kupokea mzigo wa aina hiyo, ila mkubwa ajabu. Meli Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000. Ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda Reli ya Kati mpaka ziwani. Mafundi wakaiunga upya, na Februari 1915 ikashushwa majini. Leo tunaiita MV Liemba.

Sasa, kuunga vipande ni nusu tu ya kazi. Injini ina nguvu lakini haina masikio. Kwenye meli za mvuke za enzi ile nahodha hakugusa injini. Alisogeza mshale wa amri, kengele ikalia chini, na fundi wa zamu akafungua au kufunga mvuke kwa mkono wake.

Nikola Tesla alimwondoa mtu huyo. Mwaka 1898, jijini New York, alionyesha mashua ndogo isiyo na baharia, ikitii amri za redio. Gari lako linafuata wazo hilohilo. Kipokezi kinanasa mawimbi ya rimoti na kuamuru servo mbili. Moja inageuza magurudumu ya mbele. Ya pili ina kazi mbili: ikizunguka upande huu inafungua kabureta, upande wa pili inakaza breki.

Lakini servo inatii tu, haifikiri. Julai 1916, Wajerumani wakiondoka Kigoma, mafundi waliizamisha meli yao karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha walipaka injini grisi nzito, wakitumaini siku moja itaopolewa. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ile iliwekwa na watu waliowaza mbele.

Servo haina uwezo huo, kwa hiyo waza wewe kwa niaba yake. Mawimbi yakikatika gari likiwa kasi, kabureta ikibaki wazi litamgonga mtu. Weka kipokezi kwenye kisanduku kilichofungwa vizuri, mbali na mafuta. Kipange ili kikipoteza mawimbi, servo ifunge kabureta na kukaza breki. Jaribu injini ikiwa imezimwa: washa vyote, kisha zima rimoti, uangalie servo inarudi wapi. Na kwa kuwa betri ya kipokezi ikiisha mpango huo nao unakufa, funga springi ndogo inayovuta kabureta ijifunge yenyewe.

Ukimaliza kucheza, dondoshea injini mafuta ya kulainisha. Methanoli iliyomo kwenye mafuta ya nitro huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Mafundi wa 1916 walilijua hilo.